Riwaya Nne Kichwani mwa Baba

Kila asubuhi, kabla baba hajamaliza kikombe cha kwanza cha chai, nilisimama mbele yake kujitambulisha. Nilisimama penye mwanga wa dirisha, mikono ikionekana, kama Chama cha Waandishi kinavyozielekeza familia. "Shikamoo, Baba. Mimi ni Blandina, mwanao. Nafanya kazi maabara ya udongo. Jana tuliongea habari za mvua." Naye aliitikia marahaba, akanitazama kwa adabu kama mkuu wa mkoa anayeonyeshwa karani mpya, kisha akarudi kwenye viazi vyake.

Familia zote za waandishi hapa Iringa hufanya hivyo. Wapo wanaofanya kwa fahari. Mke wa mwandishi mmoja wa Kihesa hujitambulisha kwa beti, na mumewe humsahihisha vina.

Asubuhi ile nilikuwa nimefika kwenye "Mimi ni" tu.

"Marahaba, Blandina," baba alisema. "Umeanza lini kusuka nywele hivyo? Hazikupendezi."

Nilishika ukingo wa meza. Alikuwa ananitazama usoni kama mtu anayetazama kitu chake.

"Umenijua, Baba?"

"Kwa nini nisikujue? Nimekutoa jana jioni." Alipuliza chai. "Yule binti wa riwaya ya tatu. Alikuwa anazubaa. Kila akiingia kwenye sura, sura inalala. Nimemvumilia nikachoka. Mtu hawezi kuendesha riwaya nne na mzigo mgongoni."

Basi nilirudi kichwani mwa baba yangu kama kiatu kinachorudishwa dukani kwa sababu kinabana. Hata hivyo nilifurahi. Nilikuwa natafuta neno la kumwambia, neno dogo lisilomkera, mama alipoingia na bakuli la maharage, mvuke ukimfunika kidevu.

Baba aliinuka nusu kutoka kwenye kiti. Alifuta midomo, akamwonyesha mama kiti kilichokuwa karibu na jiko la mkaa.

"Karibu, mama, ota moto. Blandina, mbona hujaniambia tuna mgeni?"

Mama alimtazama, kisha akanitazama mimi. Aliliweka bakuli mezani taratibu, akaligeuza ili mpini wa upawa uelekee upande wa baba, kama anavyofanya siku zote.

"Kamwene," alisema. Ni salamu ambayo kwetu hupewa mtu yeyote unayekutana naye njiani. Kisha akarudi jikoni.

Baba alijipakulia.

*

Mhusika wa riwaya hapumui mpaka mwandishi amwazimishe mtu. Mwandishi hujifunga kilemba chenye nyuzi za shaba, akamfikiria mtu mmoja tu, mpaka mtu huyo ahame kichwani na kuingia kitaluni, riwaya inakokulia. Kuanzia hapo mhusika ana uzito na harufu, na hukohoa bila kuambiwa. Mwandishi hubaki na shimo lenye umbo la mtu huyo. Siku nukta ya mwisho inapowekwa, au mwandishi mwenyewe anapomtoa mhusika, kilichoazimwa, kiwe mtu, mnyama au mahali, hurudi.

Waandishi wana kanuni yao, na huitoa kwa uso mkavu: azimisha walio hai, tunza wafu. Mfu ukimtoa kichwani huna pa kumpata tena. Aliye hai atakuja mwenyewe kesho na kikombe cha chai, atakwambia jina lake. Hiyo ndiyo hekima ya watu walioandika kurasa nyingi juu ya mapenzi na hawajawahi kusugua chungu.

Zamani mtu aliandika riwaya moja, akaimaliza, akarudi nyumbani. Ni baba, Atanasi Luvanda, aliyeonyesha kwamba kichwa kimoja kinaweza kubeba mbili, kisha tatu, kisha nne. Riwaya moja ikigoma, alisema kwenye mihadhara yake, unahamia ya pili. Ya pili ikinuna, ya tatu inakungoja. Ukirudi kwenye ya kwanza unaikuta imejinyoosha yenyewe. Siku moja mwalimu mmoja alisimama ukumbini akamkumbusha kuwa mshika mbili moja humponyoka. Baba alijibu kwamba methali hiyo ilitungwa na watu wenye mikono miwili tu. Watu walicheka mpaka viti vikalia. Nilikuwepo, nimekaa nyuma kabisa. Asubuhi ya siku hiyo nilikuwa nimejitambulisha kwake mara mbili, maana mara ya kwanza alikuwa bado yumo ndani ya riwaya ya pili.

Hakuna aliyemuuliza swali la mtoto: kati ya hizo nne, umemaliza ngapi? Hajamaliza hata moja. Anayemaliza ni yule anayetaka kurudi. Baba kila alipoona mwisho unakaribia, na kwamba dada yake au kilima alikozaliwa kitamrudia na kumdai machozi, alihamia kwenye riwaya nyingine. Chama kiliita jambo hilo kipaji.

*

Jikoni, mama alikuwa anamenya viazi ambavyo havikuhitajika.

"Kasema mgeni?"

"Kasema mgeni, Mama."

"Afadhali. Mume wa Selina, mwandishi mwenzake, alimwambia mkewe, 'Dada, nguo chafu ziko kwenye kapu.'"

Sikuweza kucheka. Yeye alicheka kidogo kwa pua, akatupa kiazi kwenye maji.

Siku ya kuoana kwao, baba aliapa mbele ya wajomba zangu kwamba mkewe Apolonia haazimwi. Hakuna mwandishi mwingine aliyewahi kula kiapo kama hicho, na mama aliishi juu yake. Kwenye karamu za Chama, ambako wake wengine huvaa majina yao kifuani ili waume zao wasihangaike, yeye alikaa amekunja mikono, kifua kitupu, akiwatazama wenzake kama mwenye mwavuli anavyowatazama walioloa. Hakuwa mwema kwao. Nilipoazimwa mimi, aliniambia nivumilie, ni kazi ya baba yako. Alisema kwa sauti ya mtu ambaye paa lake halivuji.

"Mimi ndiye mdhamini," nilimwambia. "Naweza kuwaita wote warudi."

Sheria inataka hivyo. Anayefungua zaidi ya riwaya moja lazima awe na mtu wa nyumbani mwenye haki ya kuwaita walioazimwa. Huweka kiganja kwenye bamba la ukutani, akawaita kwa sauti inayosikika. Siku ya kumchagua mdhamini, baba alimwambia msajili mbele yangu, "Weka huyu. Huyu haongei."

"Utaweza kusema?" mama aliuliza. Hakuwa ananikejeli. Alitaka kujua, kama mtu anavyouliza kama ngazi ni imara.

"Sijui."

"Nenda kwanza ukaone amenifanya nini huko. Kisha uje uniambie bila kunipamba."

*

Kitalu cha Iringa kiko chini ya mwamba wa Gangilonga. Nilipanda gari la kuning'inia kwenye waya kutoka kwenye minara ya kuvunia maji ya ukungu, nikashuka mbele ya ukumbi ambao picha ya baba imefunika ukuta mzima, vidole vinne vimeinuliwa. Kazi za baba husomwa hivyo hivyo zikiwa zinakua; msomaji hufungwa kilemba, akakaa ndani ya riwaya saa nzima, akatoka na kurudi juma lijalo kuona imefika wapi.

Bwana Sixbert, msimamizi wa kitalu, alinipokea mlangoni. Amevaa suti ya rangi ya maziwa, na huongea na watu kama anayewapigia makofi.

"Dada Blandina. Umekuja kusoma au kutazama tu? Maana najua hutasema."

Nilimwonyesha mlango wa riwaya ya nne.

"Ya nne. Bila shaka. Kila mtu anataka ya nne tangu jana." Alinifunga kilemba mwenyewe. "Usishtuke. Ni kazi kubwa."

Ndani kulikuwa na mto, na mwanamke kijana anavuka huku viatu vyake amevibeba kichwani. Maji yalimfika kiunoni. Jiwe lilimponyoka mguuni, akateleza, akacheka. Alicheka kwa sauti hadi akakaa katikati ya mto na viatu vikaenda na maji. Nilisimama ukingoni. Sijawahi kumsikia mama akicheka hivyo. Lakini ulikuwa mdomo wake, na kovu lake la kidevuni.

Nilimfuata. Alikata uzi kwa jino la pembeni. Alimdanganya padri kuhusu kuku, uso mkavu, kisha akageuka akanikonyeza, maana mhusika aliyeazimwa vizuri humwona msomaji. Usiku wa riwaya ulipoingia alikaa kizingitini akajisugua kisigino cha kushoto, kile kinachomuuma mama kila baridi ikianza, akaimba polepole wimbo ambao mama huuanza jikoni na kuukatiza mtu anapoingia.

Hapo ndipo nilipomdharau baba yangu kwa mara ya kwanza bila kujizuia. Kabla ya hapo nilidhani ni mtu asiyeona. Nilimwonea huruma kwa hilo. Nilijiambia kwamba wapo watu waliozaliwa hivyo, macho yao yako kwenye karatasi. Kumbe aliona kila kitu. Alijua kisigino kipi. Alijua wimbo unapokatizwa. Alimtazama mama miaka yote hiyo kwa umakini ambao hakuna mke asiyeutamani, na hakumpa hata tone lake. Aliweka akiba.

Sixbert alinifungua kilemba. "Umeona? Watu wanatoka humo wamevimba macho."

"Ni mama yangu," nilisema.

"Alikuwa mama yako. Sasa ni wa wasomaji wote."

"Yuko nyumbani anamenya viazi."

"Aendelee kumenya, nani kamzuia?" Alicheka, kisha akaacha. "Sikiliza, dada. Najua kilichokuleta. Mwandishi anaweza kumtoa mmoja, lakini mdhamini hawezi kumwita mmoja. Nyuzi za riwaya nne zimefumwa ndani ya kichwa kimoja. Ukivuta mmoja unavuta wote. Kumbi nne zinazimika. Kazi ya maisha ya mzee inageuka jivu, na haiandikiki tena, maana mtu akishaitwa haazimwi mara ya pili. Kwa ajili ya nini? Ili mume na mke wakae mezani wasalimiane?"

Nilianza kwenda mlangoni.

"Ndiyo maana nalala vizuri," alisema. "Mdhamini wetu hata soda anaagiza kwa kidole."

Kwenye benchi la nje alikuwepo mzee mmoja, kofia magotini, mashavu yamelowa. Aliponiona natoka mlango wa ya nne alinisogezea nafasi. Alisema ametoka Kilolo, kwamba mkewe alikufa na tangu hapo nyumbani hapasikiki kitu, na jana mtu alimleta hapa akamsikia yule mwanamke akicheka.

"Mwanangu," aliniuliza, "kesho atavuka tena?"

Kwa Sixbert nilikuwa na jibu, hata kama halikutoka mdomoni. Kwa mzee huyu sikuwa nalo. Riwaya ilikuwa nzuri. Hilo ndilo nililolibeba njia nzima kurudi. Kama ingekuwa mbaya ningeizima bila kufikiri, kama mtu anavyozima redio inayokoroma. Ilikuwa nzuri, na mtu aliyeiandika hakustahili kuwa na kitu kizuri kiasi kile, na mzee wa Kilolo hakuwa amemkosea mtu yeyote.

*

"Anacheka?" mama aliuliza.

"Anacheka."

"Kwa sauti?"

"Kwa sauti, Mama. Mpaka anakaa chini kwenye maji."

Alikuwa anafuta meza. Alifuta palepale alipokuwa amekwisha kufuta.

"Na kisigino?"

"Kisigino kipo. Na wimbo upo."

"Basi aliona," alisema. Alikamua kitambaa, akakitundika. Nilidhani atalia, nikasogea, lakini alipogeuka uso wake ulikuwa kama siku ile alipomkamata mpangaji akituibia maji. "Mwite."

"Mama, zitaanguka zote nne. Hataandika tena. Na kuna mzee mmoja, ametoka Kilolo, mkewe alikufa, anakuja kukusikia tu wewe—"

"Mpe pole. Siku moja nitamwalika, nimchekee mwenyewe. Mwite, Blandina."

"Akirudi, halafu?"

"Akirudi tutaona."

Baba alikuwa chumbani mwake, mchana mweupe, mapazia yamefungwa, kilemba kichwani kinapwita mwanga wa njano. Mezani kulikuwa na taa nne ndogo, moja kwa kila riwaya, na alikuwa anahama kutoka moja kwenda nyingine kwa kuigusa tu, kama mtu anayeonja mboga. Bamba la mdhamini lilikuwa ukutani nyuma ya mlango. Alikuwa amelitundikia koti.

"Funga mlango, baridi," alisema.

Nilifunga. Niliondoa koti. Nilisema, kwa sauti iliyoishia mdomoni.

"Sikusikii."

"Nimekuja kuwaita, Baba."

Aligeuka. Hakukasirika. Alitabasamu, tabasamu la mihadhara.

"Kwa sababu ya yule mama? Blandina, yule mama si yupo? Nimemwona leo, anaonekana mtu mstaarabu. Kesho atajitambulisha, tutazoeana. Mambo ya nyumbani hujirudia. Viazi vya leo ndivyo vya kesho. Kitabu hakijirudii."

"Uliapa."

"Niliapa nikiwa na riwaya moja." Aligusa taa ya nne, na mwanga wake ulimlainisha uso. "Hujui alivyo huko ndani. Nimehangaika na ya kwanza, ya pili, ya tatu, zote zinachechemea. Huyu kaingia jana tu, zimesimama wima zote. Kichwa kimoja kinalisha nne, na yeye ndiye chakula. Wewe nilikujaribu, hukutosha. Silaumu. Kuna watu hawajai ukurasa."

Alisema hivyo kwa upole. Nadhani alikuwa ananifariji.

Niliweka kiganja kwenye bamba. Lilikuwa baridi kama sufuria ya nje.

"Hutaweza," alisema baba, na akarudi kwenye taa zake, akanipa mgongo. Kama asingenipa mgongo, pengine asingekosea.

"Mimi Blandina Luvanda, mdhamini," nilisema, na sauti yangu ilitoka kubwa, mbaya, kama ya mtu anayefukuza mbuzi shambani. "Nawaita wote. Warudi."

Taa ya kwanza ilizimika, kisha ya pili na ya tatu. Ya nne ilisita, nikafikiria ukumbi ule chini ya mwamba, na watu wakivua vilemba gizani na kuulizana kuna nini, na kofia iliyo magotini. Kisha nayo ikazimika.

Mabega ya baba yalianza kutikisika kabla ya uso. Alimtaja dada yake, aliyekuwa amemweka kwenye riwaya ya kwanza kabla sijazaliwa na ambaye alifariki miaka ya katikati bila baba kujua kwamba ana dada wa kumzika. Alitaja kilima. Alitaja mbwa. Kila jina lilimwinamisha zaidi, mpaka paji la uso likagusa meza. Nilitaka kumshika bega. Sikumshika.

Mlango ulifunguliwa. Mama alikuwa amevaa sweta na viatu vya safari. Alisimama kizingitini.

Baba aliinua kichwa. Kilemba kilikuwa kimemlegea shingoni kama shuka la mgonjwa.

"Polo," alisema.

Sikuwahi kulisikia jina hilo. Mama alilisikia, maana kope zake zilitikisika mara moja.

"Polo, ningekurudisha. Ningeimaliza tu kidogo, ningekurudisha."

"Ungeimaliza lini?"

Baba aliinuka, akakokota kiti chake mwenyewe, akakiweka katikati ya chumba, akakifuta kwa mkono wa shati.

"Keti, mke wangu. Keti hapa."

Mama hakuketi. Nami nilisimama pale ukutani, kiganja bado kinasisimka, nikidhani kazi imekwisha. Kwamba nimevunja vitabu vinne na kumnyang'anya mzee wa watu kicheko, lakini walau nimemrudisha mama yangu mahali alipotaka kurudi.

"Unanijua?" mama alimuuliza.

"Nakujua."

"Mimi ni nani?"

"Apolonia," alisema baba, na alikuwa analia sasa waziwazi, bila kutafuta neno zuri. "Apolonia. Mke wangu. Mama Blandina."

"Vizuri," mama alisema. "Nilitaka urudi kwanza, maana huwezi kumuaga mtu asiyekujua. Nakuacha, Atanasi."